Alivyofundishwa Avis Kutupa Nzi Mzito

Miaka yote ya ndoa yao, Avis Haskett alipika samaki wa trauti waliovuliwa na mtu mwingine. Mvuvi wa mto Tongariro alikuwa mumewe, Clem, na si mvuvi wa kubahatisha: nusu ya wanaume wa mji wao wa Turangi walijifunza kwake. Kazi ya mke mtoni, alikuwa akisema, ni kubeba chai. Basi Avis akabeba chai.

Kisha kiharusi kikamwangusha Clem bandani mwa zana zake. Ulimi ulirudi, mkono wa kulia haukurudi. Majira ya baridi yalipoingia, trauti wakaanza kupanda mto kutoka ziwani kwenda kutaga, na Clem akawa hapati usingizi. Asubuhi moja akamwambia mkewe achukue ufito wa kuvulia, amsukume kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ukingoni, atamfundisha. Avis aliingia jikoni akalia kwa furaha, asimwonyeshe.

Majira hayo samaki hukaa chini kabisa, kwa hiyo nzi wa bandia wanaotumika kama chambo ni wazito: manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano, na kichwa cha chuma cha kuwazamisha. Clem alikaa kitini, blanketi magotini, akitoa amri. Haraka. Nyuma, mbele, nyuma, mbele. Na kadiri Avis alivyoharakisha, ndivyo nzi alivyomrudia kama jiwe la manati. Alimpiga sikioni, akampiga kisogoni, na siku moja akanasa shavuni hata ikabidi ndoano itolewe kwa koleo.

"Nilijua," alisema Clem. "Huo ni mkono wa kukandia unga."

Kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa kisa hicho, na wageni walicheka kwa adabu huku Avis amekaa papo hapo, plasta shavuni. Hata hivyo hakuacha. Mtu akifundishwa na bingwa na bado asiweze, atamlaumu nani ila nafsi yake?

Siku moja Clem alishikwa na homa, Avis akaenda peke yake. Rawiri, fundi bomba wa mtaa wao, alikuwa akivua upande wa chini. Alimtazama, akavumilia, mwisho akaja akikokota miguu majini.

"Shangazi, utajitoboa jicho. Nani kakufundisha hivyo?"

"Clem."

Rawiri alimpima nzi wa Avis kiganjani. "Hivyo ni kwa nzi mwepesi wa kiangazi. Huyu mzito haharakishwi. Mpeleke nyuma, halafu ngoja mpaka usikie mkononi anakuvuta. Ndipo umlete mbele taratibu, kwa duara pana. Mara moja tu, kisha mwachie."

"Na wewe ulijulia wapi?"

"Kwake huyohuyo, shangazi. Neno la kwanza alilonifundisha ni ngoja."

Avis akatupa. Akangoja. Akausikia mvuto, nao ukampa ruhusa ya kumleta mbele. Nzi akapita mbali na kichwa chake, akazama ng'ambo ya mkondo. Ilikuwa rahisi hivyo, na urahisi wenyewe ndio uliomchoma. Kabla ya adhuhuri alikuwa na trauti mnene mkononi, na hakuwa na tabasamu la kumpa.

Nyumbani alimlaza samaki mezani, mbele ya mumewe.

"Nilingoja," alisema.

Clem alimtazama samaki, kisha lile kovu la shavuni. Angeomba radhi wakati ule, pengine ingetosha.

"Ungejua na hilo pia," alisema, "mimi ningebaki na nini?"

Avis alikaanga samaki. Clem hakumgusa, mkewe alikula peke yake, amesimama. Tangu hapo alikwenda mtoni kila asubuhi, na kile kiti hakukisukuma tena kwenda popote. Alimwogesha mumewe, alimlisha, alimbadilisha shuka, yote kwa mikono safi na mdomo uliofungwa. Mara moja Clem aliuliza, "Mto ukoje leo?"

"Una maji," alijibu Avis.

Hakuuliza tena. Alifariki kabla baridi haijaisha. Mazikoni wanaume wa Turangi walisimama mmoja mmoja kumsifu, kwamba hata mkono ulipokufa, bado alimfundisha mkewe kutupa nzi mzito, tena akiwa kitini. Avis alipokea mikono yao na kuwashukuru. Rawiri peke yake alitazama viatu vyake.