Ndege Tuliyoiuza Ikiwa Nzima

Siku Daktari aliponiambia kwamba anaiuza ndege, nilikuwa nimelala chali chini ya injini, nakaza nati ya bomba la mafuta. Viatu vyake tu ndivyo nilivyoviona, vimesimama kando ya tairi.

"Fundi," alisema, "wamenikatalia cheti cha afya. Ni moyo. Sitarusha tena."

Sikumjibu mpaka nati ilipokazika, maana nati ya mafuta haiachwi nusu. Kisha nikatoka, nikajifuta mikono, nikamwambia pole. Alikuwa ameshalia kabla hajafika, niliyaona macho yake, lakini mbele yangu alisimama wima kama kawaida.

Alikuwa daktari wa macho aliyestaafu, mtu wa bara kwa kuzaliwa, ila aliishi Diani miaka mingi hata akaacha kuharakisha salamu. Ndege hiyo ya injini moja na viti vinne aliinunua ikiwa imekwisha zeeka, akawa akiirusha mwenyewe kwenda kupasua wagonjwa katika zahanati za mbali ambako gari lingemchukua siku mbili. Ilitengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Mimi mtu wa Jego, kwetu wavuvi na wakulima, niliitunza kwa miaka kumi na tisa katika banda la mabati pembeni mwa kiwanja cha ndege cha Ukunda.

"Tungeiweka tu hapa bandani," nilisema. "Nitaiwasha injini kila wiki."

"Ili ioze polepole? Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba ndege isiyoruka huharibika mapema kuliko inayoruka. Mtafutie mtu wa kuirusha."

Alisema "mtafutie" kana kwamba ni binti yake anaolewa.

Pwani ni mahali pabaya kwa ndege. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi hujificha kwenye maungio ya bati na kula kidogo kidogo mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo kila ndege hiyo iliporudi safarini niliiosha, tena si kwa maji ya kisima, kwa kuwa visima vyetu navyo vina chumvi. Niliosha kwa maji ya mvua niliyoyakinga kutoka paa la banda. Kiangazi tangi likikauka, nilinunua madumu kwa wauza maji wa mikokoteni, na walipouliza maji yote hayo ni ya nini nikawaambia ya kuogeshea ndege, walicheka wakidhani nawatania. Kila mwaka niling'oa viti na sakafu, nikaingia na tochi hadi mkiani, nikapaka mafuta ya kuzuia kutu kila pembe. Hata bomba lile dogo la kupimia mwendo, ambalo nyigu hupenda kujenga ndani yake, nililishonea kifuniko cha kitambaa chekundu kwa mkono wangu.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa meneja wa hoteli ya ufuoni. Alikuja amevaa vizuri, akaizunguka mara mbili, akaisifu rangi yake, akataja bei nzuri kuliko tuliyoitarajia. Halafu akaeleza mpango wake. Angeondoa injini, akate mabawa yapungue ili ipite kwenye lango, kisha aisimamishe bustanini karibu na bwawa la kuogelea, wageni wakae ndani wanywe vinywaji na kupiga picha.

Daktari alinigeukia. "Fundi, wewe wasemaje?"

Sikuwa na haki ya kusema lolote, ndege si yangu. Lakini aliniuliza, nami nikajibu. "Daktari, anayezikwa ni aliyekufa. Hii ni nzima."

Meneja alicheka kwa adabu. Daktari hakucheka. Alimshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye gari lake, na aliporudi aliniambia, "Sasa utanitafutia mwingine, maana umenifukuzia huyu." Ila alisema akitabasamu.

Mwezi uliofuata akapiga simu rubani mmoja mwanamke, mwenye shule ndogo ya urubani huko bara. Alitaka ndege ya zamani kwa sababu, alisema, ndege za zamani humfundisha mwanafunzi kutumia mikono na masikio. Lakini kabla hajaja mwenyewe alimtuma mkaguzi kutoka Nairobi.

Mkaguzi alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye sanduku la vifaa safi na uso usiocheka. Hata chai hakuitaka. "Mzee," aliniambia, "sikufichi. Ndege ya miaka hii yote, tena imekaa pwani, nimekuja kutafuta tu ni wapi imeoza."

"Karibu," nikamwambia. "Tafuta."

Alitafuta siku mbili. Alifungua kila kifuniko, akaingiza kioo kidogo chenye mpini ndani ya mabawa, akagongagonga bati kwa kitako cha bisibisi akisikiliza, akapima nguvu ya kila silinda. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango nikamwachia. Siku ya kwanza alikuwa akipiga mluzi. Siku ya pili mluzi ulikoma, na nikaona anagusa vitu polepole, jinsi mtu anavyogusa kitu cha mwenzake.

Saa tisa alasiri hivi akaniita. Alikuwa amejikunja ndani ya mkia. "Hapa pana bati jipya," alisema. "Misumari yake ya ribiti si ya umri mmoja na mingine. Hii ndege imewahi kuanguka?"

Daktari, aliyekuwa ameketi kivulini, aliinamisha kichwa.

Kisa chenyewe nilikijua vizuri. Miaka kadhaa nyuma, akitua kwenye uwanja wa vumbi huko kaskazini baada ya siku ndefu ya kupasua wagonjwa, Daktari alichelewa kuinua pua ya ndege, kisha akaiinua kupita kiasi, mkia ukapiga ardhi. Kosa lilikuwa lake. Niliporekebisha aliniomba niandike katika daftari la kumbukumbu za ndege kwamba kipande kimebadilishwa, basi. Nilikataa. Nilimwambia, "Nitaandika kilichotokea, au usinipe daftari nitie sahihi." Alinikasirikia wiki nzima, akawa akiitikia shikamoo yangu bila kuniangalia. Wiki ilipokwisha alikuja na kalamu yake, akaandika mwenyewe, kwa mkono wake, jinsi alivyotua vibaya. Chini yake mimi nikaandika nilichokikata, nilichokiunga, na nilivyokipima.

Sasa nilikwenda kabatini nikalileta daftari hilo, nikalifungua ukurasa wenyewe, nikampa mkaguzi. Alisoma akiwa amesimama. Akarudi mwanzo wa ukurasa, akasoma tena.

"Hii hati ni ya nani?"

"Ni yangu," Daktari akajibu kutoka kivulini. "Na kosa ni langu."

Mkaguzi alifunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili. "Mimi huogopa ndege ambayo daftari lake halina kosa hata moja," alisema. "Hii siiogopi." Kisha akauliza kama ile chai bado ipo.

Mwenye shule alikuja wiki iliyofuata. Akaniomba niketi naye mbele katika safari ya majaribio. Tulipaa kuelekea kusini, tukapita juu ya minazi ya Msambweni, tukageuka karibu na Shimoni, na njia nzima alikuwa akisikiliza injini. Tulipotua alizima injini, akasema, "Naichukua. Bei ni hiyo hiyo mliyoitaja." Hakuomba apunguziwe hata kidogo, na sijui kama kuna sifa nyingine ambayo ningeitaka zaidi ya hiyo.

Asubuhi ya kuondoka Daktari alikuja amevaa shati lake la urubani. Aliweka kiganja juu ya bawa, akakiacha hapo kwa muda, akakiondoa. Mwenye shule akaiwasha, ndege ikakimbia, ikainuka mapema kabla ya nusu ya njia, ikaelekea bara. Tuliitazama mpaka shingo zikatuuma.

"Twende tukale," Daktari akasema.

Tulikwenda Ukunda mjini, kwenye mkahawa anaoupenda, tukaagiza wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama mwenye mkahawa alipokuja na sahani alimsalimu Daktari, kisha akaniangalia, maana hakunijua.

"Huyu ni fundi wa ndege," Daktari akamwambia, kwa sauti iliyowafanya watu wa meza ya jirani wageuke. "Ndege yake imeruka leo kwenda kufundisha watoto wa watu."

Ndege yake, alisema. Nilinawa mikono, nikavuta sahani, na sikumsahihisha.