Barafu ya Zuhura

Enzi zetu pale Mambrui, kabla nguzo za stima hazijavuka daraja la Sabaki zikaja upande wetu, baridi ilikuwa kitu cha kungojewa. Ilikuja juu ya baiskeli, baada ya adhuhuri, imefungiwa ndani ya kasha la mbao, na aliyeileta tulimjua kwa jina. Wenzangu wa rika langu wanaosoma haya watakumbuka. Tumetoka chuoni, sauti zimekauka kwa kurudia aya, mchanga unachoma nyayo hata tunatembea kwa vidole. Wavulana wanagombania gololi, sisi wasichana tunaruka kamba, na mwanamke mmoja kando ya njia anageuza mihogo juu ya makaa, moshi wake na harufu ya pilipili na ndimu vinatutoa mate. Halafu kengele ya baiskeli inalia huko mbali, na hapo hakuna aliyekumbuka tena zamu ya kamba ilikuwa ya nani.

Huyo alikuwa Kahindi. Mgiriama wa kutoka pande za Kaloleni, mrefu, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Alipanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Alfajiri alikwenda Malindi, kule wachuuzi wa samaki wanakonunua barafu, akarudi na mapande yake yamevikwa magunia. Kasha lake alilitengeneza mwenyewe: mbao nje, bati ndani, na katikati akashindilia maranda na makumbi ya nazi ili joto lisipite. Vifuko vya ukwaju, vya ubuyu, na vya tui la nazi lililotiwa iliki alivizika ndani ya barafu iliyopondwa, kisha akanyunyiza chumvi ya mawe. Chumvi kwetu ilikuwa si kitu. Gongoni kulikokuwa na mashamba ya chumvi ni karibu, na kila nyumba ilikuwa na gunia lake jikoni. Barafu bila chumvi haina meno, Kahindi alituambia, na kweli vile vifuko viliganda hata vikawa mawe.

Alikuwa na sheria moja. Kasha halifunguliwi ovyo. Mlipanga mstari, kila mmoja akasema anataka nini, na akisitasita anapitwa. Wakisha kusema wote, kifuniko kilinyanyuliwa kidogo, mkono ukaingia, ukatoka na vifuko vyote, kikafungwa. Nyuso zetu tulizisogeza pale ili zipigwe na ule ubaridi unaotoroka, na wallahi hiyo nayo ilikuwa nusu ya utamu. Siku hizi mjukuu wangu hufungua friji akasimama mbele yake mkono kiunoni, macho yanakwenda juu yanarudi chini, kisha akafunga bila kuchukua kitu. Nikimwuliza, ananiambia alikuwa anaangalia tu. Ningependa amwone Kahindi.

Sasa katika sisi sote, mmoja alikuwa hasimami kwenye ule mstari. Ni Zuhura, mdogo wangu anayenifuata. Alianza kukonda hivihivi tukiona. Alikunywa maji mpaka mtungi ukalia mtupu, akawa anakojoa kitandani kama aliyerudi utotoni. Wako waliosema ni jini, wako waliosema ni kijicho cha watu. Mama akampeleka hospitali Malindi, wakamwambia mtoto ana ugonjwa wa sukari. Nyanya yangu, mama yake Baba, aliyemlea Zuhura mgongoni mwake, hakuelewa. Sukari aliijua ni maradhi ya wazee. Mtoto mdogo sukari ameitoa wapi?

Mama alirudi na chupa ndogo za dawa zimefungwa kwenye pindo la leso kama vifaranga, na sindano, na maneno ya muuguzi ambayo sote nyumbani tuliyahifadhi kama dua. Dawa hii isipate joto na isigande. Ikipata joto imekufa, na ikiganda imekufa vilevile. Na bila dawa, Zuhura naye hatadumu.

Mwanzo tuliziweka chupa kando ya mtungi. Lakini kaskazi ilipoingia hata maji ya mtungi yalikuwa vuguvugu. Baba alikuwa seremala, kazi yake Lamu, akija nyumbani kwa nadra. Alipokuja akazungumza na Kahindi, na baada ya siku chache Kahindi akapiga hodi na kikasha kidogo, mtoto wa lile kasha lake. Chini aliweka sufuria ya barafu tupu, isiyotiwa chumvi. Juu yake kibao, na juu ya kibao chupa zimeviringishwa kitambaa, zipate ubaridi bila kugusana na barafu. Toka siku hiyo kila alasiri alituletea bonge moja. Baba alitaka kumlipa, akakataa, akasema atakula chakula cha jioni kwetu yaishe.

Hilo bonge halikuuzwa kamwe. Hata siku ya Idi, kasha limebaki tupu, watoto wamevaa nguo mpya wanalia, mtu akiona kipande kimebaki chini na kukiomba, Kahindi alisema, hiki kina mwenyewe. Mji mzima ulikiita barafu ya Zuhura. Akichelewa, wanawake wenye ndoo vichwani walisimama njiani kutazama kama baiskeli inakuja, na mchuuzi wa samaki alimwuliza Mama kwa mbali kama bonge limefika. Na kwa kuwa vitu vitamu Zuhura alikatazwa, Kahindi alimgandishia kifuko chake cha maji na ndimu bila chembe ya sukari. Zuhura alikifyonza amefumba macho, akatuapia kuwa chake ndicho kitamu kuliko vyetu. Mwongo mkubwa. Lakini nilionja siku moja, uso ukanikunjamana, na toka hapo sikumbishia tena.

Basi mwaka mmoja, kaskazi imekaza, Kahindi akaletewa habari kuwa kaka yake amefariki. Ilibidi aende Kaloleni akazike na akae matanga. Kabla ya kuondoka alituletea bonge kubwa kuliko yote, akatusihi tusilifungue kasha ila wakati wa sindano. Baba alikuwa Lamu. Tulibaki mimi, Mama, Zuhura na Nyanya.

Siku ya pili barafu ilikuwa imepungua, maji yanacheza ndani ya sufuria. Nyanya akaingiwa na hofu. Mama akiwa kisimani, Nyanya akafanya kile ambacho mtu yeyote wa pwani yetu angekifanya, kwani sote tulimwona Kahindi akikifanya kila siku. Akachota chumvi kwenye gunia, akasema bismillahi, akaimwaga juu ya barafu ili ipate meno. Kisha akazitoa chupa pale juu ya kibao, akazizika katikati ya barafu zishibe ubaridi. Aliyafanya kwa mapenzi. Nilikuwa nimesimama mlangoni namtazama, na mimi pia niliona ni akili nzuri.

Asubuhi Mama alifungua kasha akakuta chupa zimekuwa nyeupe ndani, zimeganda zote, moja imepasuka. Nyanya akafurahi, akasema tazama zilivyoshika baridi. Mama akatia mkono mdomoni. Nyanya alikuwa mavyaa yake, mama wa mumewe, mwenye nyumba, na Mama hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja. Akaziacha chupa zikayeyuka, na dawa ikarudi kuwa maji safi kama ilivyokuwa. Nyanya akasema dawa ni dawa. Mama akamdunga Zuhura, maana nyingine hakuwa nayo.

Kesho yake kiu ikarudi. Zuhura alikunywa, akatapika, akalala. Pumzi yake ilinuka kama mapera yaliyoiva yakapitiliza. Mama alikwenda barabarani kutafuta gari, akarudi, akaenda tena. Wakati huo ndipo Kahindi alipotokea, amekatiza matanga ya kaka yake. Hakupita hata chumbani kwake. Alikuja moja kwa moja mlangoni na barafu, kasha zima, kwa kuwa alijua lile bonge litakuwa limekwisha.

Alimwona Zuhura kitandani. Akakifungua kikasha, akachovya kidole kwenye maji ya sufuria, akaonja. Akamtazama Nyanya aliyekuwa ameketi na tasbihi, midomo inakwenda. Akalifungua kasha kubwa kutoka kwenye baiskeli, akaliacha uani pamoja na barafu yote aliyoipakia. Mama akamfunga Zuhura mgongoni mwa Kahindi kwa leso mbili, Kahindi akapanda baiskeli, akashika njia ya Malindi juani. Mama akamfuata kwa miguu mpaka lori la chumvi likamwokota mbele ya daraja.

Haya ya hospitali nimehadithiwa na Mama, tena baadaye sana. Walipokwisha kumtundikia Zuhura maji, Mama akasema dawa iliganda, na muuguzi akauliza kwa ukali ni nani aliyeigandisha. Mama alikuwa bado anatafuta neno, Kahindi akalisema.

"Ni mimi. Niliwaletea barafu yenye chumvi."

Akakaripiwa mbele ya watu kama mtoto, kofia iko mikononi, na Mama akaufumba mdomo wake. Aseme nini? Aliyeitia chumvi ni mama wa mumewe. Mama alilia njia nzima ya kurudi, na aliniambia hakujua analia kwa furaha kwamba mtoto amepona au kwa aibu.

Habari zilifika Mambrui kabla yao. Baba akarudi kutoka Lamu amefura. Barazani, mbele ya majirani, alimwambia Kahindi barafu ailete aiache mlangoni, ila ndani ya nyumba yake asitie mguu. Kahindi akajibu haya, akageuza baiskeli. Wanawake wakawakataza watoto wao, ati barafu zake zina mkosi. Kengele ililia, mstari usipangwe, na jioni alimwaga maji matamu mchangani nyuma ya chumba chake, nyuki wakajaa. Sisi watoto tulipita mbali naye, kwani tuliambiwa hivyo. Lakini kila alasiri tulisikia hodi, na tukifungua hayuko, limebaki bonge kizingitini ndani ya gunia. Hakukosa hata siku moja.

Nyanya naye alikuwa amesikia tu kwamba ni chumvi ya Kahindi. Neno lile lilimwingia polepole. Siku moja tunachagua mchele, akaniuliza bila kunitazama kama chumvi inaweza kuiharibu dawa ile. Nikamjibu ndiyo, huifanya igande. Akaendelea kuchagua mchele kwa muda mrefu. Usiku huo hakula, na kesho yake hakula.

Ijumaa, wanaume wakiwa wanatoka msikitini na Baba yumo, Kahindi amesimama mahali pake kando ya njia pasipo mteja, Nyanya alivaa buibui lake akatoka. Tangu afiwe na mumewe hakuwa mtu wa kuonekana barabarani mchana. Alitembea mpaka pale, wanaume wakampisha. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, na kila mtu akasikia.

"Chumvi niliitia mimi, kwa mkono huu. Huyu kanistiri, nanyi mmemtupa."

Baba aliangalia chini kama amepoteza kitu mchangani. Kahindi, masikini, ndiye aliyekuwa na haya kuliko wote.

"Mama," akamwambia, "umejisumbua na jua lote hili."

Nyanya akamwomba barafu moja ya ukwaju. Akaikata pembe kwa meno yake machache, akaila palepale njiani, amesimama, mwanamke mtu mzima wa heshima zake ambaye hata maji hakuwahi kuyanywa hadharani. Aliila yote, mji mzima ukimtazama. Kisha Baba akaenda akamshika Kahindi mkono, akamwingiza ndani, na chakula cha mchana siku hiyo walikula sinia moja. Alasiri mstari ulipangwa tena. Nilimwona Mama jikoni ameinama juu ya mafiga, mabega yanatikisika, nikajua si moshi.

Wote wale wamekwenda. Nyanya amelala Mambrui, Kahindi kwao Kaloleni, na Baba alikwenda kumzika akalia kama mtoto. Mambrui siku hizi kuna stima, na aisikrimu zinapita ndani ya tuktuk yenye friza na muziki unaopasua masikio. Kijana anayeiendesha simjui jina, wala yeye hanijui. Ananyoosha mkono, natoa simu, nalipa, anakwenda. Wajukuu wangu wanamcheka mtu aliyengojea barafu mchana kutwa. Na wacheke tu, baridi wanayo tele, kiu kama yetu hawajaiona.

Zuhura yu hai, alhamdulillahi. Ana watoto wake, anakaa Mtwapa kwenye ghorofa, na dawa yake iko kwenye mlango wa friji karibu na chupa za soda. Juzi stima ilikatika kwao ikakaa. Dawa ikaharibika. Alinipigia simu analia, nikamwuliza kama yuko salama. Akaniambia yuko salama. Duka la dawa liko chini ya ghorofa yao, alishuka ngazi akanunua nyingine palepale, hakumhitaji mtu.

Nikamwuliza basi analilia nini.

Akaniambia kwamba wakati akiwa na ile chupa mkononi alitoka nje mlangoni pake, akaitazama milango ya majirani zake, mmoja baada ya mwingine, akakumbuka kuwa amekaa humo miaka yote hiyo na hakuna hata mmoja anayejua kwamba yeye ni mgonjwa.