Ubao wa Bwana Pyo

Soebong alikuwa mchongaji wa hekaluni, na alisifika kwa mambo mawili: mkono usiotetemeka na mdomo usiochoka. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akichonga maneno ya Buddha kwenye mbao za mpea pori, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili ubao ukipakwa wino na karatasi ikalazwa juu yake, maandishi yatoke sawasawa. Kanuni ilidai asujudu mara tatu kwa kila herufi. Alisujudu pale tu watawa walipomtazama.

Mwaka ule Wamongolia walikuwa wakichoma vijiji huku bara. Wakubwa wa serikali walikuwa wamejificha kisiwani, wakiamini mbao zile zikikamilika Buddha atawapigania. Wakamtuma mkaguzi, Bwana Pyo, aje aharakishe kazi.

Bwana Pyo aliingia karakanani na kofia yake ya hariri, akanyanyua ubao wa Soebong, akakunja uso.

"Nani kachonga uchafu huu?"

"Mimi, bwana mkubwa."

"Herufi zote zimegeuka! Ulikuwa umelewa?"

Mtu mmoja akajikohoza asije akacheka. Mtawa mkuu, Hyegak, akajaribu kueleza. "Bwana mkubwa, kwenye karatasi huwa..."

"Mimi nimefaulu mtihani wa serikali, mtawa. Leo unanifundisha kusoma?"

Hyegak akanywea. Hekalu lilikuwa likingoja mchele kutoka kwa hao hao wakubwa.

"Ubao wa mwisho, wenye jina langu kama mfadhili, uchongwe unavyosomeka," Pyo akaamuru.

"Nisigeuze hata herufi moja, bwana mkubwa?" Soebong akauliza kwa sauti, kila mtu asikie.

"Kwani we kiziwi?"

Soebong akachonga alivyoambiwa, na safari hii alisujudu bila kusimamiwa, maana aliona kazi hii ina baraka zake. Pyo akausoma ubao, akaridhika, nakala zikachapwa, zikafungwa na kupelekwa kisiwani. Zilipofunguliwa mbele ya mabwana, jina la Pyo lilikuwa limewapa mgongo. Bibi mmoja wa heshima akauliza kama mfadhili huyu anaiombea nchi au anailaani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Pyo hakufukuzwa. Alieleza kwamba mchongaji ni mjinga, kila mtu akamwamini, naye akapandishwa cheo. Soebong akachapwa viboko ishirini.

Hyegak akampaka dawa mgongoni. "Ungemkatalia tu, Soebong."

"Kama ulivyomkatalia wewe, Mwalimu?"

"Niliogopa," mtawa akasema.

"Basi paka taratibu."

Wiki hiyo hiyo magunia ishirini ya mchele yakafika, zawadi ya Bwana Pyo. Soebong aliletewa bakuli lililojaa, na figili za chumvi pembeni. Alikula akiwa amelala kifudifudi, akamtukana Pyo kwa kila tonge, na kilichomuudhi kuliko viboko ni kwamba mchele ulikuwa mtamu.