Kipande cha Kumi

Vilikuwa tisa. Nikavitoa tena kwenye beseni kimoja kimoja, nikavitandaza kwenye sakafu ya jikoni, vikawa tisa. Mimi nimekulia dukani Kariakoo, na mtu wa dukani hashindwi kuhesabu matambara. Nilikata kumi. Kama cha kumi hakipo kwenye beseni, basi kipo ndani ya injini, na muda huohuo baba yangu alikuwa uani, kavaa koti lake la safari, ufunguo mkononi, anataka kuwasha gari.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Baba ana gari la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi, lililokuwa gari la wakubwa enzi zake. Kila Desemba, kama Wachaga wengine wa hapa mjini, tulifunga duka tukapanda na gari hilo kwenda nyumbani Kilimanjaro, mama mbele, sisi nyuma na gunia la mchele miguuni. Halafu injini ikafa. Mwaka uliofuata akafa mama. Tulimzika kule kwenye migomba, na baba akaenda mazishini ndani ya basi la kukodi. Tangu siku hiyo akaapa. "Sipelekwi tena kwa mama yenu kama furushi. Nitaenda na gari langu, la sivyo siendi." Ni mkaidi, jamani, hata jiwe lina nafuu. Miaka mitatu hajaliona kaburi la mkewe. Na mwaka huu miguu imeanza kumvimba, akivuka kizingiti cha mlango anasimama kuvuta pumzi. Sote tunajua, hakuna anayethubutu kulisema, kwamba Desemba ijayo huenda isimkute.

Ndiyo maana tukatafuta injini nyingine. Ilipatikana Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, ya mtumba, ikaletwa nyumbani kwa guta. Gereji baba hataki kuisikia, anasema gari likilala gereji linaamka mifupa. Kwa hiyo kazi ilifanyika uani kwetu, kwenye nyumba yetu ya zamani iliyobanwa na maghorofa mawili. Fundi ni mtu mzima, mpole, amemtengenezea baba magari tangu nikiwa shule ya msingi. Alisimamisha mabomba matatu ya chuma, akafunga winchi ya mnyororo. Siku injini iliponing'inia hewani na yeye kainama pale chini, nilisali sala zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga.

Sasa, injini ilikuwa wazi, mashimo yake ya kuvutia hewa yanatazama juu, na jirani wanajenga. Vumbi la saruji linashuka kama unga. "Dada, nipe vitambaa safi visivyotoa nyuzi, nizibe haraka!" fundi akapiga kelele. Nikakimbilia sanduku la mama, nikavuta kanga ya juu, nikachukua mkasi. Kra, kra, kra, vipande kumi, nikaviweka kwenye stuli uani. Nilikuwa nimeshamaliza ndipo nikaona nimekata nini. Ilikuwa kanga yake ya kushindia, ile yenye maneno MSINICHOKOZE NIMETULIA. Nikajiambia baba hatajua, sanduku lile hajalifungua tangu msiba.

Niseme ukweli, nina miaka arobaini na ushee, nagombana na wachukuzi wa Kariakoo wakanywea, lakini baba yangu namwogopa kama bado niko darasa la pili.

Kwa hiyo asubuhi ile, fundi keshafunga injini na kunirudishia vitambaa nivifue, tumebakiza siku mbili tu kusafiri, nilichungulia uani nikamwona anaingia kwenye kiti cha dereva. Nikatoka mbio bila viatu.

"Baba, subiri! Usiwashe!"

"Kuna nini?"

Ulimi ukajitafutia njia wenyewe. "Fundi... kuna boliti kasahau."

Fundi alinigeukia macho yamemtoka. Nikamkazia yangu. Mungu ambariki yule mzee, aliinamisha kichwa akakubali.

"Fundi mzima unasahau boliti!" baba akafoka. "Na mvi zote hizo! Haya, funga, nipo hapa." Akarudi kwenye kiti chake cha barazani, hakutusogelea, lakini ufunguo hakuuachia.

Nikamnong'oneza fundi habari ya vipande. Alijifuta jasho. "Mimi nilitoa vyote, dada." Kisha akasita. "Ila jana adhana ya adhuhuri ilinikuta katikati. Nilikwenda kuswali, nikarudi nikaendelea kufunga. Wallahi siwezi kuapa."

"Kikibaki humo?"

"Ukiwasha tu inakivuta. Hapo ni kwaheri."

Injini ya pili hatuna, na ya kutafuta kwa siku mbili haipo. Nilirudi jikoni nikavipanga vile vipande kama vilivyokuwa kabla ya mkasi, pindo kwa pindo, nipate kujua natafuta kipi. MSINICHOKOZE ilikuwepo, imekatika vipande viwili. Penye NIMETULIA palikuwa na sakafu tupu. Nilihisi mama ananitazama.

Tukafungua upya. Mimi nashika tochi, fundi anatoa nati, baba barazani anahesabu saa kwa sauti ili tumsikie. Shimo la kwanza, hamna. La pili, hamna. Hadi la sita, hamna kitu. Badala ya kupumua nikazidi kuogopa, maana fundi hakuonekana kufurahi hata kidogo. Alielekeza kidole mbele ya injini. "Huku kwenye mnyororo wa injini nako niliziba. Kama kimetumbukia huku, dada, hakionekani. Itabidi tuishushe injini nzima."

"Tutamaliza lini?"

"Siku nne. Na winchi nimeshairudisha kwa mwenyewe."

Siku nne! Nilikaa chini palepale kwenye oili. Nikawawazia ndugu zangu wanapanda basi, baba anabaki peke yake na gari lililopasuliwa kifua, halafu Januari, halafu sijui nini. Na yote kwa sababu ya mkasi wangu na woga wangu. Nikainuka, nikaenda barazani, nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba, hakuna boliti. Nilikata kanga ya mama kuzibia injini. Vipande kumi. Kimoja hakionekani na tunaogopa kimebaki ndani. Nisamehe."

Nilisubiri ngurumo. Haikuja. Baba aliinamisha uso, akaanza kupapasa koti, mfuko wa ndani, upande wa moyo. Akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne.

"Hiki?"

Kilikuwa safi, hakina hata tone la oili. NIMETULIA.

"Nilikuona unakata," alisema. "Nikakiwahi pale kwenye stuli fundi hajavigusa. Nilidhani kimoja kikipungua hutajua."

"Baba, tangu asubuhi tunahangaika! Mbona hukunikataza siku ile?"

"Ningekukataza kwa sauti gani? Ungenisikia nalia." Aligeuza uso upande wa ukuta. "Mtu mzima analilia kanga ya jikoni, mbele ya fundi."

Fundi aliinamia injini, akajifanya anakaza kitu ambacho hakikuwepo. Mimi nililia waziwazi, wala sikuona haya, nililia hofu ya siku nzima na ya miaka mitatu. Baba aliniacha nimalize.

Gari liliwaka kwenye saa kumi jioni. Kwanza likakohoa, kisha likatulia na kuunguruma vizuri, na vumbi la saruji likaruka uani kote. Baba alikuwa kwenye kiti cha dereva. Alisikiliza kwa muda mrefu, akazima, akanipa ufunguo, kwa kuwa mimi ndiye ningeendesha.

"Vile vingine viko wapi?"

"Jikoni, baba. Vina oili."

"Viloweke na sabuni usiku huu," akasema. "Uvishone. Nitakupa na hiki, ila ukishone mbele yangu. Tunampelekea mwenyewe, kule kwenye migomba."