Kijitu cha Shimoni

Huo mchezo tuliletewa nyumbani na binti yetu, na mpaka leo sijamsamehe vizuri. Mume wangu alikuwa amerudi kijijini kwetu Wamagana baada ya miaka mingi ya kuendesha lori la mchele Mwea, mgongo umemshinda, na binti akaona babake ataharibika kwa kukaa bure. Akamwekea kwenye simu mchezo wa kijitu kinachoshuka shimoni kupigana na popo na mifupa inayotembea. Hata sura hakina. Kimechorwa kwa vijisanduku, kama maua ninayodarizi kwenye vitambaa vya makochi. Nilicheka, nikajua mzee atauchoka kabla ya wiki kuisha.

Mzee ambaye hakuwahi kucheza kitu zaidi ya drafti ya vifuniko vya soda! Mara ya kwanza popo alimuulia mlangoni. Akaanza tena, akakuta shimo limejipanga upya, vyumba vingine kabisa, na upanga umelala hapo karibu kana kwamba kuna mtu aliyemwekea. Hapo ndipo aliponaswa. Ukifa unapoteza kila kitu, lakini unakufa ukiwa umeuona mlango unaofuata, na mgeni wa mchezo hawezi kulala akiwa na mlango ambao hajaufungua. Aliyeutengeneza anawajua watu vizuri sana, na simpendi.

Nilivumilia. Ng'ombe alipata maji mzee alipomkumbuka, nikanyamaza. Lakini siku ya ngwatio sikunyamaza.

Ngwatio ni zamu: wanawake wa kijiji chetu tunamchumia huyu majani chai leo, yule kesho, bila malipo ila chakula na heshima. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Walichuma kwa ile baridi ya asubuhi, wakabeba magunia mpaka kituo cha kupimia majani, kisha wakaenda kulisha mifugo yao. Mimi nilikuwa na kliniki ya magoti Nyeri mjini. Nikamwambia mume wangu polepole, kama ninayemtuma mtoto: kaa hapo kituoni, fungua magunia, tandaza majani kivulini, uyageuzegeuze mpaka lori la kiwanda lije. Majani mabichi yakishindiliwa kwenye gunia yanajipika yenyewe, na hilo kila mtu huku kwetu analijua.

Niliporudi lori lilikuwa limefika, na karani wa kiwanda ameingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, hii majani iko moto," akaniambia. "Imekuwa nyekundu. Siwezi chukua."

Hakuna gunia hata moja lililokuwa limefunguliwa. Karani alikuwa amejifungulia mwenyewe. Mume wangu alikuwa amekalia moja na kuegemea mengine, raha mustarehe. Wale wanawake walikuwa wamerudi kuona majani yakipimwa, kwa sababu ndivyo tunavyofanya, na sasa walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Afadhali wangenitukana.

"Wee mzee, umefanya nini?"

"Ngoja kidogo tu, mama watoto," akasema bila kuinua macho. "Leo nimefika chini kabisa. Niko na shoka ya moto. Ati sijawahi fika hapa!"

Nikamnyang'anya simu. Nilikuwa nimemwona akicheza vya kutosha kujua kwamba penye moto hapakanyagwi, basi nikakisukuma kijitu chake motoni kwa kidole gumba, mbele ya karani na wanawake wote, nikakitazama kikiungua pamoja na shoka lake. Nikamrudishia simu. Nilitaka aumie. Nilitaka apoteze kazi ya siku nzima mbele za watu, kama nilivyoipoteza mimi, kama walivyoipoteza wale wanawake waliochuma na vidole vimekufa ganzi.

Akakitazama kioo cha simu. Akakipangusa manyunyu ya mvua kwa mkono wa sweta, akasogea kidogo juu ya gunia ili nami nipate pa kukaa, akabonyeza kuanza upya.