Meja Aliyekuja Kutafuta Muhuri

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mkuu wa wilaya pale Thika, karani mkuu alinipeleka masijala, chumba cha kuhifadhia faili, akanipa kitambaa cha kupangusa vumbi. "Nasimiyu," akasema, "faili ya mtu ikipotea, huyo mtu amepotea." Nilikuwa nimetoka Bungoma juzi tu, na viatu vipya vilivyonibana. Harufu ile ya karatasi na gundi naitamani hadi leo.

Baadaye nikawa sekretari wa DC, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Asubuhi moja wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo waligoma, wakafunga barabara. Ndugu yangu mdogo, Wekesa, alikuwa mmoja wao. DC alienda kuzungumza nao. Kabla hajarudi, meja wa jeshi akaingia. Nje aliacha malori mawili yamejaa askari.

"Mama, meneja wa kiwanda amenipigia simu. Nipatie barua nikafungue barabara."

Askari hawakuruhusiwa kwenda kutuliza raia bila ombi la maandishi kutoka kwa DC. Muhuri wake ulikuwa kwenye droo yangu.

"Afande, barua ni ya DC, na hayuko."

"Gonga tu muhuri. Atatia sahihi akirudi."

Nikaifunga droo kwa ufunguo. "Siwezi, afande. Keti umngojee."

Alinikazia macho. Kisha akavua kofia, akaketi kwenye benchi, kati ya mzee aliyefuata kitambulisho na mama aliyepakata mtoto. Nikamletea chai.

Saa saba DC aliingia, suruali imejaa vumbi. "Wametoka barabarani. Kesho meneja atakaa nao." Akamgeukia meja. "Na wewe, nani amekuita?"

"Meneja, bwana."

"Meneja haamrishi jeshi."

Meja akapiga saluti. Akipita mezani kwangu alisema polepole, "Asante, mama. Vijana wangu wamebeba risasi."

Jioni Wekesa alikuja kwangu kula, akalalamika kwamba mboga ya sukuma haina chumvi. Nilimwongezea ugali, nikakaa nikimwangalia akila.

Sasa nimestaafu, naishi Gatongora. Vijana wa ploti, nyumba za kupanga ninakokaa, wakikasirikia wanasiasa huniambia, "Cucu, si jeshi ichukue tu hii nchi?" Mimi ni Mbukusu, lakini hilo jina la cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, nimelizoea. Huwa nawauliza, "Na siku mtakayotaka kuliambia hilo jeshi hapana, mtaenda ofisi gani?"