Mkeka wa Luqman

Ukisikia Luqman ni fundi kompyuta wa Kamuli, usidhani ana ofisi. Ana meza moja tu nyuma ya duka la baba yake, mzee Saleh, kati ya magunia ya sukari na katoni za sabuni. Hapo ndipo alipotengeneza Mkeka, kiprogramu cha kuzilaghai programu za zamani. Zikifunguliwa kwenye kompyuta mpya, zenyewe huamini bado ziko kwenye kompyuta ya enzi zao, basi hutulia na kufanya kazi. Aliuweka mtandaoni, bure, akajiona mtu kweli.

Hadi alipokuja mama Mukantabana kutoka Songambele, na laptop aliyoletewa na binti yake. Marehemu mumewe, Athanasi, alikuwa mwalimu wa kwaya. Wimbo wake wa mwisho aliuandika katika programu ya nota ya kizamani, akafariki kabla hajamfundisha mtu. Wimbo na programu yake vilihamishiwa kwenye laptop, ila programu ilikataa katakata kufunguka.

"Niachie nikufungulie, mama. Ni dakika tu."

"Hapana, mwanangu. Hiyo ikifunguka tu inaanza kuimba. Sitaki mtu ausikie kabla yangu. Nielekeze, nikafungue mwenyewe, mlango nimeufunga. Nikilia, nilie na Athanasi wangu."

Luqman akamwekea Mkeka, akamwonyesha visanduku vya kuweka tiki, akamwambia ajaribu kimoja kimoja. Jioni simu ikalia. "Imefumba macho tena, mwanangu, haifunguki."

Kesho yake akapanda pikipiki hadi Songambele. "Shikamoo, mama." Kabla hajaketi vizuri, akasogezewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Luqman hajawahi kuupenda ule uchungu, lakini huku kahawa ya mwenyeji haikataliwi. Akatia punje tatu mdomoni, akaitazama laptop. Loo! Visanduku vyote vina tiki. Rangi chache, tiki. Skrini ndogo, tiki. Kila kitu, tiki.

"Mama, mbona umeweka kote?"

"Si imeniuliza? Unataka hiki, unataka kile. Kitu kinakukaribisha kwa adabu namna hiyo, utakataaje? Wewe kahawa yangu umeikataa?"

Luqman alikuwa anatafuna.

Aliporudi dukani akamsimulia baba yake. Mzee Saleh alicheka mpaka akaegemea mizani. "Umemwita mgeni, halafu unamsimamisha mlangoni na maswali kama karani wa mahakama! Babu yako kule Pangani angekuchapa. Mgeni anatandikiwa, haulizwi."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Akaufumua Mkeka wote, akaanza upya. Visanduku akavifuta. Kikabaki kitufe kimoja, kikubwa, kimeandikwa FUNGUA. Ukikibonyeza, Mkeka wenyewe unajaribu mpangilio huu, ukigoma unajaribu ule, kimyakimya, hadi programu itulie. Mwishoni aliweka swali moja tu: "Imefunguka vizuri?" Kisha akajicheka, akalifuta. Yule mama atajibu ndiyo hata skrini ikiwa nyeusi tii! Badala yake akaufundisha Mkeka kujikagua.

Jumamosi asubuhi akalipandisha toleo jipya mtandaoni, mtandao ukija na kukatika, na chini yake akaandika: "Hili halikuulizi kitu." Kisha akalitia kwenye flashi, akaenda Songambele.

Mukantabana aliipokea flashi kwa mikono miwili. Akampa kahawa, akamwelekeza benchi la nje chini ya migomba, akaufunga mlango.

Luqman alisikiliza, tayari kuitwa. Kumbe alikuwa anaogopa kuliko siku ya mtihani. Ikigoma tena, atamwambia nini mama wa watu?

Mara ikatoka sauti nyembamba ya kinanda, kama ya mdoli, halafu ya pili ikaingia chini yake, na ya tatu. Wimbo ukaisha. Ukaanza tena toka mwanzo, na safari hii kulikuwa na sauti ya mtu ndani yake, ya mama mwenyewe, ikitafuta njia polepole.

Alikuwa na maswali chungu nzima: je, kitufe kinaonekana, je, imechukua muda? Hakugonga. Kahawa iliyobaki akaitia mfukoni, akaikokota pikipiki kwa mikono hadi barabarani, ndipo akaiwasha.